Gundi ya Baba Mkwe

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, tunamwita Pumzi. Jina nilimpa mimi, na majina ninayowapa watu huganda. Kazini kwao sarafu za zamani hupimwa, hupewa alama zisizozidi sabini, kisha hufungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Wapimaji ndio wenye makoti meupe na maringo. Pumzi yuko chumba cha nyuma. Kasha likipasuka, mwenye mali hulileta, naye hulibana kwa koleo mpaka lilie "ka!", huishika sarafu kwa ukingo, huilaza kwenye kasha jipya, alama ileile. Muda wote huo hapumui, maana unyevu wa mdomo huacha doa. Siku moja nilijaribu kubana pumzi pamoja naye. Mimi niliyekuwa nikipiga mbizi mtoni mpaka watu wanaanza kunililia, nilishindwa kabla sarafu haijafika nusu ya safari. Lakini siku hiyo nilikuwa na mafua.

Wana sharti moja. Kasha likiwa limepasuka tu, sarafu haijaguswa, hubadilishwa. Likiwa limechokonolewa, au kitu kimeigusa sarafu, inarudi kwa wapimaji kuanza upya, kama mtoto anayerudia darasa. Kurudia darasa nakujua. La tatu nililipenda mno.

Sasa, baba mkwe wa Pumzi ni fundi viatu mstaafu. Ana sarafu moja tu ya fedha, alama sitini na tano, na kwenye mkutano wa wakusanyaji wenzake akiiweka mezani, hata mwenyekiti hunyamaza. Kasha likamponyoka sebuleni, pembe ikabanduka. Fundi viatu akiona kitu kimebanduka hufanya nini? Akapaka gundi.

Kisha akaja nayo kwa mwanawe, kaifunga kwenye leso. Nilikuwepo, nimekuja kusalimia wakati wa chakula.

"Mkwe, hiki kikasha kimechoka kidogo. Nibadilishie, mkutano ni Jumamosi."

Pumzi akakiinua kwenye taa. "Baba, hapa kuna gundi."

"Gundi gani? Hilo jasho la plastiki."

Nilicheka peke yangu.

"Imepenya mpaka kwenye ukingo wa sarafu, Baba. Hii lazima irudi kwa wapimaji."

"Kwani huko anayefungua makasha ni nani? Si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi hukuiona. Yameisha."

Mume wa Pumzi alikuwa anaikagua feni ya dari kama fundi aliyeitwa kuitengeneza.

"Nikiifumbia macho, Baba, lebo itasema uongo, na mkono utakuwa wangu. Wakijua, kazi sina."

"Kwa hiyo kati yangu na lebo, mkubwa nani?"

"Mkubwa ni wewe. Ndiyo maana sitaki ukae mbele ya wenzako na uongo mezani."

Mzee akavaa kofia, akaiacha sarafu, akatoka bila kuaga. Chai yake niliinywa mimi. Haikuwa na kosa.

Pumzi aliipeleka kwa wapimaji, akawaonyesha gundi kwa kidole. Sarafu ikarudi ndani ya kasha jipya linalong'aa, bila alama. Lebo ilisema: halisi, ina mabaki ya gundi. Mumewe ndiye aliyeipeleka kwa mzee. Jumamosi hiyo mzee hakwenda mkutanoni. Pumzi akipiga simu, mama mkwe hupokea: "Baba yenu amelala." Saa sita mchana.

Mkutano uliofuata alikwenda. Nami nilikwenda, sikualikwa, ila mahali pa watu wazito huwa sikosi. Akaiweka sarafu mezani pale pale pa siku zote. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma, akasoma tena.

"Mabaki ya gundi?"

"Ya viatu," mzee akasema. "Nilipaka mwenyewe. Mke wa mwanangu ndiye anayebadilisha makasha kule, nikamwomba afiche, akakataa. Hata mimi hakunionea haya."

"Aaah! Na wewe ukamwachia?"

"Ningefanyaje? Kweli ilikuwa yake."

Wakacheka, naye akacheka, mwishoni lakini. Kicheko kilipotulia, mwalimu mstaafu aliyekaa kando yangu akaingiza mkono mfukoni polepole, akatoa kasha lililozungushiwa selotepu kama mguu uliovunjika.

"Na hili langu," akamnong'oneza mzee, "huyo mkweo atasemaje?"