Vifungo Vyake Bado Vinang'aa

Saa moja kasorobo asubuhi, mlango wa karakana unafunguliwa bila hodi. Anaingia mwanamume mgeni mwenye koti refu la sufu, na baridi ya Novemba inaingia pamoja naye. Ndani wamo watu watatu waliovaa nguo nyeusi, wanapakia ngazi, kamba na brashi za waya kwenye gari.

Mgeni hasiti. Anampita msichana aliyesimama karibu na mlango na orodha ya kazi mkononi, anakwenda moja kwa moja kwa mzee mwenye mvi aliye nyuma ya gari na kumpa mkono. Kabla hata hajataja jina lake, anakishika kifungo cha juu cha koti la mzee huyo na kukizungusha kwa vidole viwili.

"Bahati ya asubuhi," anasema. "Wewe ndiye bosi?"

Mzee huyo, Hartmut Sölter, mwenye umri wa miaka 59, anaelekeza kidevu mlangoni. "Bosi ni huyo uliyempita."

Mgeni anageuka na kumtazama msichana. Kisha anamrudia Hartmut akitabasamu, kama mtu aliyetaniwa na kuushtukia utani.

Lakini haukuwa utani. Jördis Brandhorst, mwenye miaka 28, ndiye fundi mkuu wa dohani, yaani mabomba ya moshi, katika mji mdogo wa Oberwiehe na vijiji sita vya bonde la Mto Weser. Hartmut ni mwajiriwa wake. Mwajiriwa mwingine ni Ulf Rehmeier, mwenye miaka 51, ambaye hupenda kuwapigia wateja hesabu: ukijumlisha umri wake na wa Hartmut unapata miaka mia na kumi. "Bosi wetu ni robo yetu," husema.

Mgeni alijitambulisha kuwa ni Bwana Esser kutoka Cologne. Mwanawe angemwoa Wiebke, binti wa mwoka mikate wa Oberwiehe, Jumamosi saa tano asubuhi. Alitaka fundi dohani asimame mlangoni mwa ofisi ya ndoa ili maharusi wamguse wakitoka. Kwao, alisema, mtu anaweza kukodi kijana yeyote na kumvika kofia, lakini bibi harusi anataka fundi wa kweli.

Hartmut alimwambia amchukue bosi. Bwana Esser alimtazama Jördis kwa upole, na upole huo ndio uliouma zaidi. "Asante sana, lakini binti bado ni mpya hapa. Nimeambiwa nimtafute yule anayejulikana."

Jördis alizaliwa Oberwiehe. Kwa miaka sita alikaa dawati moja na Wiebke. Aliandika kwenye orodha: Jumamosi, saa tano, harusi, Hartmut. Kalamu ikatoboa karatasi.

"Niseme ukweli?" anasema baadaye akiwa anaendesha gari. "Roho iliniuma. Sikuwa na hasira. Ilikuwa wivu mtupu, ule wa mtoto anayeona mwenzake anabebwa."

Katika bonde hili, mtu akikutana na fundi dohani njiani hukigusa kifungo cha koti lake, aondoke na bahati kidogo. Hufanya hivyo wanafunzi kabla ya mtihani, hufanya hivyo wakulima kabla ya mnada. Kifungo cha juu cha Hartmut kimeguswa mpaka nakshi yake imefutika, na tayari ni cha tatu kushonwa hapo. Vya Jördis, baada ya miaka minne, vinang'aa kama siku alipovitoa dukani.

Asubuhi moja alivisugua kwa majivu ili vifanane na vya mtu aliyezoeleka. Alilisimulia hili kwa kicheko, akaomba lisiandikwe, halafu akabadili mawazo. Majivu husafisha shaba. Vifungo viling'aa mara mbili zaidi, na Ulf akamuuliza kama alikuwa na miadi na mtu.

Kwa nini watu wamkimbilie mmoja na kumkwepa mwingine? Jibu halihusu umri peke yake. Kwa sheria, fundi mkuu ndiye anayekagua majiko na kutoa amri. Jiko lililopasuka lazima lizimwe, na bomba bovu lazima litengenezwe. Mwaka jana Jördis alifunga majiko 31. Mwenye nyumba husoma amri hiyo juu ya saini ya Jördis, kisha wiki mbili baadaye Hartmut hufika na brashi, hunywa kahawa jikoni na kuulizia hali ya wajukuu.

"Mimi napeleka barua, yeye anapeleka bahati," anasema Jördis. "Hata mimi ningempenda yeye."

Kijicho hiki kina mambo mazito nyuma yake. Nyumba anazohudumia ni 2,140, na kila mwenye nyumba ana hiari ya kumwita fundi mwingine amfagilie. Tangu Jördis achukue eneo hili, nyumba 43 zimehamia kwa fundi wa mji jirani. Ana mkopo wa euro 38,000 alionunulia gari na vifaa vya kupimia moshi. Kuna miezi ambayo humlipa Hartmut euro 3,300 kisha yeye mwenyewe akabaki na 1,900. Na Hartmut atastaafu baada ya miaka minne.

"Siku atakapovua lile koti, wataondoka naye," anasema Jördis. "Nyumba zile hazijawahi kuwa zangu. Zinanivumilia kwa ajili yake."

Hartmut ana upande wake. Alifagia dohani za eneo hili kwa miaka 31 chini ya fundi mkuu wa zamani, bila kufanya mtihani wa ufundi mkuu. Mwanzoni hakuona haja, baadaye akaona aibu kukaa darasani na vijana. Fundi mkuu alipostaafu na nafasi ikatangazwa, mtu asiye na cheti hicho hakuruhusiwa hata kuomba. Akaja msichana aliyekuwa akimwona anakwenda shule na begi mgongoni.

"Siku tatu nililala nimegeukia ukuta," anasema. "Mke wangu akaniambia, nenda kazini au nenda kwa daktari, usibaki hapa kati. Nikaenda kazini. Lakini kila nikiona jina lake limechorwa kwenye gari, nilikuwa natema mate pembeni. Mwaka mzima."

Ni ajabu kuwasikiliza watu hawa wawili. Mmoja anatamani karatasi ya mwenzake, mwingine anatamani kifungo cha mwenzake, na kila saa tatu asubuhi wanakula pamoja mikate yenye nyama mbichi ya kusaga na vitunguu, magoti yakikaribia kugusana chini ya meza ndogo ya karakana.

Wivu huo ndio uliosababisha kosa la Februari.

Siku hiyo kulikuwa na barafu kwenye paa za bonde zima, na Jördis alikuwa ameahirisha kazi zote za juu. Katika ua wa nyumba moja, mteja alimtazama akifunga ngazi juu ya gari ili waondoke, akasema kwa sauti ya kusikika: "Hartmut angekuwa ameshapanda."

Jördis alimgeukia mfanyakazi wake. "Basi panda," akamwambia.

Hartmut akapanda. Mguu uliteleza karibu na kilele, akaserereka mita tano hadi kwenye mfereji wa maji ya mvua ulio ukingoni mwa paa. Mfereji ulimzuia. Goti ndilo lililoumia. Alikaa nyumbani wiki saba.

"Nilijua kuna barafu," anasema Jördis. "Nilijua vizuri kuliko wote waliokuwapo. Nilitaka tu, kwa dakika moja, yule mtu aone kwamba Hartmut naye ni binadamu." Taa ya barabarani inageuka kijani, anaondoa gari. "Na alimwona."

Hospitalini, kando ya kitanda, alimwahidi Hartmut kwamba barafu ikishika, paani atapanda yeye mwenyewe. Hartmut anakumbuka alivyomjibu: "Nilimwambia, Bosi, usitoe ahadi huku unalia. Utakuja kuijutia kukiwa na jua."

Alhamisi jioni, siku tatu baada ya ziara ya Bwana Esser, simu ya karakana ililia. Alikuwa Wiebke. Alikuwa amesikia maneno ya mkwe wake na amepatwa na haya. Alitaka waje wote wawili, wasimame kulia na kushoto. Mpiga picha wa gazeti la bonde atakuwepo. "Na nitaanza kukugusa wewe," alimwambia Jördis. "Nilinakili hesabu zako miaka sita, nakudai bahati gani tena? Mimi ndiye ninayedaiwa."

Ijumaa, Jördis alipiga brashi kofia yake ndefu mpaka Ulf akashindwa kula. "Bosi, hiyo kofia itaota upara," alisema. Hartmut alicheka hadi akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu watatu hao kucheka kitu kimoja, asema Jördis, na yeye ndiye aliyekuwa kichekesho, na hakujali.

Siku hiyo alizungumza juu ya mipango yake kwa wepesi ambao hakuwa nao Jumatatu. Kuanzia mwakani anataka kuandamana na Hartmut nyumba kwa nyumba, si kukagua, bali kunywa kahawa. Amepiga hesabu: wakienda nyumba kumi na mbili kwa wiki, itawachukua karibu miaka minne. "Anikabidhi milango," anasema. "Funguo sizihitaji. Nataka milango." Na picha ya Jumamosi, alisema, ingekuwa mwanzo mzuri. Watu wangeiona na kusema, kumbe huyu naye anagusika.

Jumamosi kunapambazuka baridi nyuzi sita chini ya sifuri. Vigae vya Oberwiehe ni vyeupe. Saa tatu na dakika ishirini, Jördis na Hartmut wamo karakanani, wamevaa makoti yao ya sherehe, simu inapolia. Ni Bibi Irmgard Tappe, mwenye miaka 84, wa nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Moshi unarudi ndani. Amezima jiko, amefungua madirisha, na sasa amekaa jikoni na koti lake. Hana jiko jingine. Anaomba Hartmut aje.

Nyumba ya Bibi Tappe haina njia ya kutoka darini hadi paani. Ni lazima kupanda kwa nje, kwa ngazi. Ulf amekwenda Bremen kwa binti yake. Fundi wa mji jirani hapokei simu.

Hartmut anatwaa funguo za gari kabla hawajaanza kujadiliana. "Nenda harusini, Bosi. Ile picha ni yako. Nyumba ya Irmgard naijua kama kiganja changu."

"Na goti?"

"Goti halijaulizwa."

Jördis anazitazama funguo. Baadaye atakiri kwamba neno "sawa" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Hakuna mtu mwingine aliyeisikia ile ahadi ya hospitalini. Hartmut mwenyewe ndiye anayemwachilia. Bibi Tappe ndivyo anavyotaka. Dunia nzima, kwa mara moja, imekubaliana na wivu wake.

Kisha anazichukua funguo kwenye mkono wa mzee.

"Nyoosha kofia," anamwambia. "Imekaa upande."

Saa nne na nusu, Jördis yuko kwenye paa la Bibi Tappe, amelaza ngazi ya pili juu ya vigae na kuinasa kwa kulabu kileleni. Anapanda kwa magoti, polepole, akipapasa kila kidato kabla ya kukikanyaga. Magoti ya suruali ya sherehe yameshalowa. Chini uani amesimama Bibi Tappe, mikono mfukoni.

"Hartmut yuko wapi?"

"Harusini, Bibi Tappe."

"Yeye huanzia upande wa kisimani."

"Mimi naanzia huku. Kisimani kuna barafu nyingi."

Anashika ukingo wa dohani, anafungua kamba na kuiteremsha brashi yenye tufe la chuma. Inakwama mita mbili chini. Anaipandisha na kuiangusha tena. Kipande cha tofali kimelegea ndani na kuziba njia, na masizi yamejazana juu yake. Anapiga mara ya nne, mara ya saba. Masizi yanapanda na kumpaka uso.

Saa tano na robo, honi za magari zinaanza kulia mjini, na baada yake kengele. Kutoka juu hapa uwanja wa ofisi ya ndoa unaonekana vizuri. Jördis anainua kichwa, mkono mmoja ukiwa juu ya matofali. Kuna watu wengi, doa jeupe la gauni, na kofia moja ndefu nyeusi. Doa jeupe linaisogelea kofia na kusimama mbele yake.

Anaangalia mpaka linaondoka. Vifungo vyake viwili vya juu vinang'aa katikati ya masizi.

Chini uani, Bibi Tappe anapiga miguu yake chini kwa baridi. "Hartmut angekuwa ameshamaliza," anasema, kwa sauti ya kusikika.

"Najua, Bibi Tappe," anajibu Jördis, na kuiteremsha brashi tena.