Hoja ya Constantin Pale Kabuta

Wavuvi wa kijiji cha Kabuta, kando ya ziwa, walimwita Constantin "Ba Prof", yaani Bwana Profesa, na jina hilo alilipenda kuliko shati lake la Jumapili. Kule Kongo alikuwa mwalimu wa falsafa. Sasa aliishi katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, akinunua samaki ziwani na kuwapeleka bara kwa baiskeli.

Siku ya tatu tangu mvuvi Webby azame, hakuna aliyetupa wavu. Ndiyo desturi yao pale: mtu akipotea majini, mitumbwi yote humtafuta, wala havuliwi samaki mpaka azikwe. Lakini Constantin alikuwa ameahidi samaki huko bara, na ahadi ilimwasha.

"Mwansa, ndugu yangu," akamwambia mwenye mitumbwi miwili, "kilio ni ya mutu aliyekufa, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na kifo inajulikana kwa maiti. Maiti iko wapi?"

"Haijaonekana."

"Sasa kilio ni ya nani?"

Wavuvi wakacheka huku wakitazama chini. "Eh, Ba Prof! Ulimi yako iko na mafuta!"

Lakini njaa nayo ina masikio. Mitumbwi ya Mwansa ikaacha kutafuta, ikaenda kuvua.

Adhuhuri, Thelma, mke wa Webby, akashuka ufukweni. Hakulia.

"Ba Prof, wanasema umeonyesha kama bwana yangu hajakufa."

Constantin akageukia baiskeli yake.

"Basi niambie anarudi saa ngapi. Ubwali ya jioni nipike ya watu wangapi?"

Miaka mingi Constantin aliandika ubaoni neno *sofisme*, na maana yake: hoja iliyovaa nguo za ukweli ili ipite bila kuulizwa. Wanafunzi walinakili, yeye akasahihisha kwa wino mwekundu. Hakuwahi kufikiri kwamba neno lile linaweza kuwa na mjane.

Akaingia katika mtumbwi wa watafutaji bila kuitwa. Mwansa aliporudi na kuyasikia maneno ya Thelma, akakunja nyavu zake, akawafuata. Kesho yake jioni wakampata Webby kwenye matete, upande wa Chisenga.

Baada ya maziko Thelma alipita na beseni, akiwanawisha mikono wote waliombeba mumewe. Alipofika kwa Constantin, yeye akaificha yake mgongoni.

"Mimi hapana, mama. Mimi ndiye nilisema..."

"Nilisikia uliyosema. Lete mikono, maji inapoa."

Akaitoa. Thelma akaiosha polepole, kidole kwa kidole, kama ya wengine, na Constantin hakuthubutu kuinua macho.