Maman Apolline na Mteja Wake

Maman Apolline hampi mtu kikombe kabla hajakionja. Kila asubuhi, akimimina chai, hunywa funda moja dogo, hupangusa ukingo kwa kidole gumba, kisha hukunyooshea kwa mkono wa kulia. Mimi ni mpangaji wake wa chumba cha nyuma, na nimekunywa chai ya namna hiyo tangu nilipoanza chuo. Kwetu hakuna anayeshangaa. Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni aone haina sumu, na Maman Apolline aliuza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hapa mtaani kwetu Cimpunda kwa miaka mingi. Kila kopo lilipitia mdomoni mwake. Jioni wateja waliondoka kwa miguu yao. Yeye ndiye aliyeshindwa kusimama.

"Ilikuwa kazi," aliniambia siku moja akichambua maharagwe. "Kisha nikaanza kuonja hata kama muteja hayuko."

Aliacha kuuza. Kunywa hakuacha, alikwenda kunywa kwa jirani. Ndipo tangazo likasomwa kanisani mwishoni mwa misa: wanaoshindwa kuacha pombe hukutana kila Alhamisi alasiri, kikundi kimoja Kadutu, kingine Ibanda. Cha Kadutu kiko karibu na nyumbani. Alikikataa.

"Pale wataniona. Watasema Apolline ameenda kutafuta wateja wake."

Basi tukashuka Ibanda, upande wa pili wa mji. Majirani aliwaambia anakwenda kupimwa tansioni, yaani shinikizo la damu. Mimi alinichukua kwa sababu, alisema, watu wa Ibanda wanasema Kifaransa.

Hakuna aliyesema Kifaransa. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya parokia, viti vya plastiki vimepangwa mviringo. Kiongozi alikuwa Maman Godelive, muuguzi mstaafu. Mimi niliketi kwenye benchi mlangoni. Kila mtu alitaja jina lake na jinsi wiki ilivyokwenda. Njiani Maman Apolline alikuwa amenieleza atakachosema: kwamba amekuja kwa ajili ya kaka yake, mlevi, anayeona haya kuja mwenyewe.

Kabla zamu yake haijafika, Maman Godelive alimpa thermos awamiminie watu chai. Maman Apolline akajaza kikombe cha kwanza, akanywa funda, akapangusa ukingo kwa kidole, akamnyooshea Fabien, kijana wa pikipiki aliyekaa karibu naye.

Fabien alikitazama kikombe. "Eh, maman! Chai ya parokia haina sumu!"

Watu wakacheka.

"Mutu anaonja hivi ni mwenye nganda, muuza pombe tu," Fabien akaendelea. "Kasiksi ao ile kali, kanyanga, maman? Sema, tuko nyumbani."

Maman Apolline naye alitaka kucheka. Lakini mtu mmoja karibu na dirisha, aliyekuwa ameinamisha kofia tangu tuingie, aliinua uso.

"Kasiksi," alisema. "Ni Apolline wa Cimpunda."

Alikuwa Papa Léopold. Zamani aliendesha kamyoni ya kuleta nyanya na mchele kutoka Luvungi, na kabla ya kuondoka alipitia kunywa kwa Maman Apolline.

"Siku ile nilikuambia inatosha," alisema. "Nilikuambia niko na safari."

"Ulisema, papa."

"Ukaonja ingine. Ukasema mwenye nyumba ameshaonja, kukataa ni kumutukana."

"Nilisema."

Siku ile kamyoni ilianguka kwenye kona za mlima Ngomo. Papa Léopold alitoka na mguu usiokunjika. Kazi ikaisha, na mke wake akarudi kwao.

Maman Apolline aliweka thermos chini, akachukua mkoba wake. "Mimi nitaenda. Ni wewe ulianza kuja hapa."

"Kaa kwanza, maman," alisema Maman Godelive. "Hapa hatufukuze mutu. Papa Léopold, unasema nini?"

Papa Léopold alijisugua goti. Fabien alikuwa ameacha kucheka, kikombe bado mkononi.

"Nilishuka mpaka huku sababu sikutaka watu wa Cimpunda wanione," alisema mwishowe. "Na yeye ni vile vile. Abaki. Lakini chai yangu nitajimiminia mwenyewe."

Maman Apolline alibaki. Zamu yake ilipofika, kaka hakutajwa. "Naitwa Apolline," alisema akitazama sakafu. "Nilikunywa jana. Na huyu papa, ni mimi nilimunywesha." Kisha tulipanda mlima kurudi nyumbani.

Tangu hapo amekwenda kila Alhamisi, hata mvua inapogeuza njia ya Cimpunda kuwa tope tupu. Ameanguka tena mara kadhaa, na kila mara amekwenda kusema hivyo mbele ya watu. Majirani wanajua sasa. Habari ya tansioni haikudumu. Papa Léopold hukaa dirishani. Bado hajamsalimia.

Jumapili iliyopita, tukitoka misa, nilithubutu kumuuliza. Kikundi cha Kadutu kipo pale pale karibu, kwa nini bado anashuka Ibanda kukaa na mtu asiyetaka hata kumtazama?

"Naenda kuona kama amekuja," alisema. "Siku atakosa, nitajua amerudia kunywa."