Walishinda kwa Miguu Yao, Si kwa Uji Wangu

Siku ya kwanza kazini nilivaa kitenge changu cha kwendea kanisani. Mwe! Ujinga ule! Nilidhani ukiajiriwa na shule unakaa kwenye kiti. Ilikuwa shule ya bweni pale Mhunze, kwetu Kishapu, na Mpishi Mkuu alikuwa mwanamke mnene, sauti kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe, umeshapikia watu wangapi?"

"Saba, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma. "Na mume."

"Hapa ni mia tatu, na hakuna mume wa kukuonea huruma. Kitenge hicho kafunge kiunoni. Ugali wa watu wengi hausongwi kwa mikono, unasongwa kwa kiuno."

Na kweli, wajukuu zangu. Mwiko wa shule ni mrefu kuliko mpini wa jembe. Ukitegemea mikono, saa nne asubuhi mabega yamekufa. Unatanua miguu, unauegemea mwiko, kiuno kinakwenda na kurudi. Siku ile nililala na kitenge changu kimejaa unga na masizi, nikalia kidogo, halafu nikacheka. Kesho yake nikarudi na kanga kuukuu.

Shule nimeishia darasa la tatu, lakini jikoni nimesoma mpaka nimezeeka. Pale Mhunze nilijifunza kupima unga kwa jicho. Baadaye nikaenda Ushetu, kwenye watu wa tumbaku, nako nikajifunza kuwasha kuni mbichi bila kutoa machozi. Bwana Stoo wa kule, yaani mtunza ghala la chakula, alikuwa akinusa gunia la maharage kama mbwa na kusema, "Hili lina fukusi, rudisha." Hakukosea hata mara moja. Kisha nikapikia kantini ya wachimbaji upande wa Bulyanhulu. Wale wanakula kama wanagombana na sahani! Ukichelewa dakika mbili wanaanza: "Mama, leo chakula kiko duara la ngapi?" Duara kwao ni shimo la dhahabu, eti chakula bado kinachimbwa. Niliwapenda, walikuwa watu wa maneno.

Mwisho nikaja chuoni, chuo cha ualimu, nikiwa mimi sasa ndiye Mpishi Mkuu. Hapo ndipo ninapotaka kukaa, maana mpaka leo watu wanalisimulia jambo lile vibaya, na ubaya huo niliuanzisha mimi mwenyewe.

Chuo kilikuwa na timu ya mabinti ya mpira wa kikapu. Mpira huu unadundwa chini kwa mkono na kutupwa kwenye pete ya chuma iliyofungwa juu kwenye ubao. Uwanja ulikuwa mbele ya jiko langu, kwa hiyo nilikuwa naangalia huku nachambua mchele. Na walikuwa wabovu! Wabovu wa kuonea haya! Kwenye mashindano ya vyuo walishika mkia, mwaka wa pili tena mkia. Mkuu wa Chuo, mtu mpole lakini akisema amesema, akawaambia mbele ya bwalo zima:

"Mwaka huu mkirudi wa mwisho, ule uwanja najenga bweni. Wasichana wanalala wawili wawili kitanda kimoja, halafu ninyi mnanilindia kiwanja cha kufungwa."

Ndipo akaletwa Mwalimu Kulwa. Kijana mwembamba, mwalimu wa hesabu, filimbi shingoni muda wote, nadhani alikuwa analala nayo. Akamtafuta na mwenzake, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa na karakana ya kuchomelea mageti, sisi tukimwita Koplo. Kulwa alifundisha mikono, Koplo akafundisha miguu.

Mwezi mzima wa kwanza hawakuruhusiwa kurusha mpira kwenye pete. Mwezi mzima! Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mimi nawasha moto, wao wako uwanjani wanakimbia kwa kurudi kinyumenyume. Kutoka bweni kuja bwalo kunywa chai, kila mmoja adunde mpira kwa mkono wa kushoto, na ukimponyoka arudi aanze upya mlangoni mwa bweni. Nahodha wao Milembe, mfupi, mtoto wa Ushetu, siku za mwanzo alikuwa anafika chai imeshapoa. Ananiambia, "Bibi, niwekee ya moto," nami namwekea pembeni ya jiko.

Alikuwepo na Kwandu. Huyu ni wa kwetu Kishapu, mrefu kama nguzo, na mpira ukimjia anafumba macho. Watu walimcheka, "Twiga haoni!" Koplo akampeleka chini ya pete. Kuna kitu wanaita rebaundi, yaani mpira ukigonga ubao ukarudi, wewe uudake kabla ya adui. Kila akisukumwa, Kwandu anaanguka. Koplo akamuuliza:

"Kwenu mnakamua ng'ombe?"

"Ndiyo, kocha."

"Ndama akitaka kunyonya na wewe hujamaliza kukamua, unafanyaje?"

"Namzuia na mgongo."

"Basi huyo nyuma yako ni ndama. Weka mgongo, kamua."

Ee bwana! Kuanzia siku ile hakuna aliyepita kwa Kwandu.

Mimi kwa upande wangu nikawaonea huruma, wanakimbia na tumbo tupu. Mkuu akanikubalia niwapikie uji wao. Nikapika wa mtama, karanga za kusaga, na unga wa ubuyu ule mweupe unaotoka kwetu, una uchachu mzuri. Unga huo nilikuwa nauweka kwenye kibuyu kidogo cha marehemu mama yangu, kinazibwa kwa gunzi la hindi, maana haupati unyevu humo. Nachomoa gunzi, nagonga gonga, natia, naziba. Ni hivyo tu.

Wakaanza kushinda. Wakaja wa chuo cha uuguzi, wakafungwa. Wakaja wa Shinyanga mjini, wakafungwa. Nani angeamini? Siku ile wageni waliingia jikoni kuomba maji, mmoja akaniona na kibuyu mkononi. Nawaambieni, kufika jioni habari ilikuwa imeshafika stendi: wale hawashindi bure, wana bibi wa Kishapu anawatilia dawa.

Lazima mjue kwetu Usukumani. Baada ya mavuno tunashindanisha ngoma, pande mbili zinacheza uwanja mmoja, watu wanahama kwenda upande unaopendeza. Na upande ukishinda hakuna anayeuliza nani kacheza vizuri. Wanauliza, nani kawapa samba? Samba ni dawa ya mvuto. Kijana anaweza kuwa amerukaruka mwezi mzima mpaka magoti yamevimba, sifa anapewa mtu aliyekaa nyuma na kibuyu chake.

Basi safari hii mtu wa nyuma na kibuyu nikawa mimi, na nitasema ukweli, nilifurahi. Mpishi husemwa siku ugali umeungua. Miaka yote ile hakuna aliyeniambia, "Mama Masanja, leo umefanya kitu." Ghafla napita sokoni watu wananipisha! Wauza dagaa wananiongezea! Siku moja kabla ya mechi Milembe akaniuliza, macho yanamng'aa:

"Bibi, tuambie, unatia nini?"

Ningesema ubuyu. Ningesema tu. Mimi nikamkonyeza, nikasema, "Hayo ni mambo ya kwetu."

Wenzake waliokuwa nyuma yake wakapiga vigelegele.

Kumbe nimeharibu. Alfajiri iliyofuata walikuja uwanjani wanane kati ya kumi na wawili. Wiki ya pili watano. Nawasikia bwenini wanaambiana, "Lala bwana, uji upo." Lakini kwenye uji wanakuja wote, tena mapema, wanapanga foleni, mmoja ananiambia nimkorogee kwa mkono wa kushoto, mwingine anataka awe wa kwanza kugusa kikombe. Kulwa yuko uwanjani na filimbi yake, Koplo amekunja mikono. Kisha wakaenda kucheza na wale wale wauguzi waliofungwa kwetu mwanzoni, wakapigwa kichapo cha mbwa mwizi. Waliporudi, unajua walikuja kumgombeza nani?

"Bibi! Uji wa leo ulikuwa mwepesi!"

"Bibi, umetupunguzia!"

Hata Kwandu, mtoto wa kwetu, akanitazama kwa jicho baya.

Kesho yake Mwalimu Kulwa akaingia jikoni. Nikajua leo nafukuzwa. Yeye akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, Mama Masanja."

"Marahaba, baba."

Akavua filimbi shingoni, akaiweka juu ya meza karibu na vitunguu vyangu.

"Mama, mashindano ni wiki tatu zijazo. Kama inayoshinda ni dawa, mimi nirudi kwenye hesabu zangu. Chukua filimbi, uwaongoze wewe."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaitazama ile filimbi. Kijana ameacha kulala ili watoto wa watu wajue kukimbia, halafu mimi nimemnyang'anya kazi yake kwa kukonyeza jicho moja tu. Nikamwambia, "Vaa filimbi yako, baba. Niletee wale watoto hapa saa kumi jioni. Wote."

Walikuja kumi na wawili, wakasimama kuzunguka meza. Koplo akakaa mlangoni. Nikachomoa gunzi, nikamwaga kibuyu chote kwenye sinia.

"Onjeni."

Wanaogopa! Wanasukumana! Nikamshika Kwandu mkono. "Wewe ni wa Kishapu, usiniaibishe. Onja." Akachovya kidole, akalamba, uso ukabadilika.

"Bibi... huu si ubuyu?"

"Ubuyu. Na mtama. Na karanga. Haya, sufuria ile pale, pikeni wenyewe, atakayeona dawa anionyeshe."

Wakapika kweli, wakaunguza chini. Wakanywa. Milembe akaweka kikombe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

"Lakini ulisema ni mambo ya kwenu. Ulitudanganya, Bibi."

"Nilidanganya. Sifa zilikuwa tamu, nikazimeza. Nisameheni."

Kwandu machozi yakamtoka. "Sasa tulikuwa tunashinda na nini?"

"Na miguu yenu, ng'wanone, mwanangu. Nilikuwa nawaona hapo dirishani. Huyu Kulwa na Koplo wamewafundisha, ninyi mmeumia, mmejua. Mimi niliwashibisha tu."

 Walitoka mmoja mmoja. Nikafikiri nimewamaliza kabisa, maana mtu ukimwondolea dawa anayoiamini unaweza kumwacha uchi. Sikulala vizuri. Alfajiri nawasha moto, nasikia du, du, du. Nikachungulia. Milembe yuko peke yake, anadunda kwa kushoto kutoka bwenini. Akafuata Kwandu. Nikahesabu mpaka kumi na mmoja, wa kumi na mbili akaja anakimbia huku anafunga kamba za viatu, na Kulwa akampulizia filimbi kwa kuchelewa. Filimbi ile ilinipendeza kuliko kinanda cha kanisani!

Mashindano yalikuwa Geita. Nilikwenda nao kama mpishi wa safari. Siku ya mechi yetu ya mwisho, pointi zimebanana, tukifungwa tunashika mkia na tukishinda tunapanda juu, sikupika uji kabisa. Niliwapa chai ya rangi na viazi vya kuchemsha. Milembe akaangalia sahani, akaniangalia mimi, akacheka. "Bibi una makusudi." Nikamwambia, "Kula, unachelewa."

Mechi hiyo ilikuwa ya kufukuzana, hawa wakifunga na wale wanafunga. Zimebaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi moja. Adui akarusha, mpira ukagonga ubao. Kwandu kaweka mgongo, yule wa nyuma anahangaika, Koplo anapiga kelele, "Kamua! Kamua!" na watu wa Geita hawaelewi ng'ombe yuko wapi. Akaudaka, macho wazi, akampa Milembe. Milembe akakimbia nao, upande wa kulia wamemziba wawili, akahamishia kushoto, akapanda, akauweka ndani. Mimi mzee mzima niliruka na kanga ikabaki chini.

Hawakuchukua kombe, msinielewe vibaya. Walikuwa wa tatu. Lakini wa tatu kwa sisi tuliozoea mkia! Mkuu wa Chuo, aliyekuja kutazama, akatabasamu, akasema, "Basi bweni nitajenga nyuma ya maktaba."

Mtangazaji akamwita nahodha kwenye kipaza sauti. Akamuuliza, akicheka, "Tumesikia mna siri yenu kutoka Kishapu. Tuambie."

Milembe akasema, "Siri ni Mwalimu Kulwa na Koplo. Na kuamka saa kumi na moja na nusu. Hata wewe njoo utuone."

Basi. Akashuka. Mimi hakunitaja hata kwa bahati mbaya. Nitasema uongo nikisema haikuchoma, ilichoma kidogo, hapa. Kisha nikapiga kigelegele mpaka watu wakageuka.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku, naongea mpaka kuku wananikimbia. Nimepikia watu wengi, na nimeona kwamba kila kazi ina mtu wa mbele na mtu wa nyuma, na wa nyuma naye anatamani kuonekana. Si dhambi kutamani. Lakini usichukue jasho la mtu ukalipaka usoni ukasema limekutoka wewe.

Juzi amekuja baba mmoja kutoka Ushetu na baiskeli, ana timu ya kijiji, kafungwa mechi sita. Anataka dawa, eti amesikia. Nikamkaribisha, nikampa maji, nikamuuliza vijana wake wanafanya mazoezi siku gani.

"Ee... siku ya mechi wanapasha misuli kidogo."

"Mwalimu wao nani?"

Akajikuna kichwa. "Ndiyo tunatafuta dawa kwanza, halafu mwalimu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwandikia namba ya Kulwa kwenye karatasi kwa mwandiko wangu mbovu, nikamwambia, "Huyu ndiye. Ila anaamsha watu mapema sana, kawaambie vijana wako walale mapema." Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akapanda baiskeli. Hakuridhika, nilimwona. Lakini hakuitupa.