Kisu Changu cha Mpini wa Mpingo

Ta!

Ndivyo kinavyolia kisu cha kukunja kikifungwa, kama chuma chake ni kizuri. Mlio mkavu, mfupi, basi. Juzi mjukuu wangu Hamisi aliniwekea visu vitatu vya namna hiyo juu ya mkeka, akaomba nimchagulie kimoja kwa ajili ya binti yake wa miaka minane. "Bibi, huyu mtoto kanishinda," alisema. "Visu vya jikoni vinapotea kila wiki, na mama yake analalamika mpaka masikio yananiuma. Bora awe na chake." Mkewe, Zaina, alikuwa pale pale uani anakoroga kisamvu. Nikachukua kisu kimoja, nikakifungua kwa kidole gumba, nikakifunga. Ta! Papo hapo nikasahau nilichoulizwa. Nilikuwa tena Naipingo, kijiji nilichokulia, miguu imejaa vumbi, na puani nasikia harufu ya mabua makavu ya mtama.

Hamisi mwacheni asubiri kidogo. Nyinyi kaeni niwasimulie.

Nilikuwa na miaka tisa, au kumi kama mama alikosea kuhesabu. Wazungu waliokuja Nachingwea kulima karanga walikuwa bado hawajaondoka wote, na matrekta yao tuliyasikia kabla hatujayaona, ardhi inatetemeka mpaka vifaranga vinakimbilia chini ya mama yao. Kila mtoto wa kijijini alitaka trekta. Basi tulijitengenezea kwa mabua ya mtama. Unabandua ganda la nje, unapata vijiti vigumu vya kuunganishia. Ule moyo wake mweupe, mwepesi, ndio mwili na magurudumu. Mimi nilikuwa fundi. Wengine watawaambia fundi alikuwa Bakari wa kwa Nangoma, lakini trekta la Bakari lilikwenda upande kama kaa. Langu lilikuwa na usukani unaozunguka.

Shida ilikuwa kisu. Wavulana waliotoka jando walipewa visu vya kukunja na wajomba zao, wakatembea navyo wakivifungua na kuvifunga hata pasipo na kitu cha kukata. Mimi niliazima cha mama cha jikoni, kikubwa, kimelegea mpini, na nilikuwa nakirudisha mbio kabla hajaanza kumenya muhogo. Mama aliona. Jioni moja, baba akiwa ametulia na dada yake mkubwa, Shangazi Mwanaidi, aliyekuja kututembelea kutoka Kiegei, mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Somoe, huyu mtoto anahitaji kisu chake."

Baba akacheka. "Mtoto wa kike na kisu cha mfukoni, wapi na wapi? Hata mfuko wenyewe hana."

"Leo kisu," akadakia shangazi, "kesho atataka suruali."

Wakacheka wote wawili. Mama akakusanya vyombo, akaondoka. Ijumaa iliyofuata akanishonea mfuko kwenye gauni, kwa kipande cha amerikani, tena kwa uzi wa mikunjo miwili. Baba aliuona mfuko ule, akajifanya hakuuona.

Ndipo visu vya jikoni vikaanza kupotea. Cha kwanza nilikipoteza mwenyewe, sikatai. Kilinichomoka kisimani nikikiosha, kikazama, na masikio yangu yalivutwa ipasavyo. Cha pili, kile cha mpini uliolegea, nilidhani nimekiacha shambani, nikapekua bua kwa bua siku nzima nisikione. Cha tatu alikinunua baba mwenyewe. Hicho nawaapia nilikirudisha. Nilikiweka ndani ya ungo, makali yakitazama ukutani kama nilivyofundishwa, na asubuhi hakikuwepo. Nililia mpaka kwikwi. Mama hakunipiga wala hakunifokea, na hilo lilinitisha kuliko kofi. Alisema tu, "Basi. Sinunui kingine, nacho kitapotea."

Kuazima kwa majirani alikataa, eti anaona aibu. Kwa hiyo tukaishi bila kisu. Boga lilipasuliwa kwa kubamizwa kwenye jiwe. Muhogo ulichemshwa na maganda yake, kila mtu akajimenyea kwa vidole huku akipuliza. Kitunguu kilipondwa kwa mchi. Samaki mkavu alikatwa kwa shoka. Baba alivumilia. Wiki ya pili, akiwa anakula, akatoa mdomoni kibanzi cha mti kirefu kama njiti ya kiberiti, akakitazama.

"Mama Somoe, hapa ni nyumbani au kambi ya wapasua mbao?"

"Ni nyumbani, Baba Somoe," mama akajibu. "Nyumba haina kisu kwa sababu mtoto hana kisu."

Kesho yake baba akatuma salamu Chinongwe, kwa kaka yake mama. Kwetu mtoto ana baba yake, lakini mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mjomba Issa akaja na baiskeli isiyo na breki, anaisimamisha kwa kisigino. Alikuwa mchonga mipini ya majembe, mtu wa maneno machache na viganja vigumu. Hakuuliza habari za visu vilivyopotea. Alinishika mkono, akaugeuza huku na huku kama anayenunua papai.

"Unataka kukatia nini?"

Nikamletea trekta. Akazungusha usukani. Akauzungusha tena. Nadhani alisahau kwamba tupo.

"Kesho asubuhi tunakwenda gulioni, mpwa wangu," akasema.

Mwenzenu sikulala. Na gulio la Nachingwea siku hizo lilikuwa na kila kitu: ufuta, chumvi, kaniki, na vile vikorokoro ambavyo wazungu waliviacha au viliwatoka kwa njia tusizoziuliza. Muuzaji mmoja alitandika gunia, juu yake nati, misumari, makopo, na visu vya kukunja. Kimoja kilikuwa chekundu, kinang'aa, kina mabapa mengi ya kukatia mgongoni na kitu kilichojipindapinda kama mkia wa nguruwe, ambacho hata muuzaji hakujua kazi yake. Nilikipenda hapo hapo.

Mjomba akanipa. "Fungua."

Nikavuta kwa ukucha. Nikavuta kwa meno. Hakikufunguka. Akakifungua yeye, akaweka ncha kwenye kibao, akasukuma kidogo upande wa mgongo wa bapa, nacho kikajikunja ghafla.

"Hiki kinataka vidole vyako," akasema, akakirudisha.

Kingine kilikuwa kidogo, kina mpini mweupe laini kama kijiko. Hicho kilifunguka vizuri, nikaanza kutabasamu. Mjomba akanunua bibo, lile tunda la mkorosho, kwa mama mmoja aliyekaa jirani, akalikamua juu ya viganja vyangu, maji yakachuruzika mpaka viwikoni. "Shika sasa. Kata hiki kijiti." Kisu kikaniteleza kama kambare. Muuzaji akaanza kulalamika kwamba bidhaa yake inachafuliwa, mjomba akaendelea kunikamulia bibo.

Mwisho akaokota kimoja kutoka pembeni kabisa mwa gunia. Kilikuwa kibaya jamani. Bapa moja tu, limeliwa na kinoo, na mpini wake wa asili ulikwishavunjika, mtu akakitilia wa mpingo, mweusi, wenye mikato mikato. Kilifunguka kwa gumba langu bila ubishi. Kiligoma kujikunja kiliposukumwa. Kwa mikono ileile ya bibo kilikaa kiganjani kimya. Nikakifunga. Ta!

"Nataka chekundu," nikasema.

"Unataka cha kuonyesha au cha kukatia?"

"Vyote."

Muuzaji aliangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka. Mjomba alinunua cheusi.

Njia nzima nilinuna nyuma ya baiskeli. Tulipofika, mjomba alinichukua hadi kwenye jiwe la uani akanionyesha kunoa: maji kidogo, bapa linalala, unasukuma, unageuza, huna haraka. Kisha akatamka mbele ya baba na mama. "Nitarudi baada ya miezi miwili. Akikipoteza, au akimwaga damu ya mtu, nakichukua, na neno la kisu limekwisha katika nyumba hii." Mama akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mkali usoni kuliko mjomba.

Miezi miwili! Nililala na kisu, niliamka nacho, nilikigusa mfukoni kila hatua kumi. Bapa lilikuwa linakata bua kama ugali. Nilitengeneza trekta lenye tela, na Bakari akaja kuomba nimrekebishie lake. Uzuri wa kisu chekundu ulianza kunitoka kidogo kidogo.

Zikiwa zimebaki siku chache miezi iishe, Shangazi Mwanaidi akaingia uani na wanawake wawili, vumbi hadi magotini, wanatoka Kiegei kwa miguu. Wageni hawa kuwapa kisamvu kitupu isingewezekana. Lakini baba alikuwa Ruangwa kwenye msiba, na kwetu mwanamke hachinji. Ikiwa hakuna mwanamume nyumbani, mtoto anapewa kuku na kisu, anakwenda kusimama barabarani mpaka apite Mwislamu wa kumchinjia. Mama akamkamata jogoo, akamfunga miguu, akanikabidhi.

"Na kisu?" shangazi akauliza.

"Anacho," mama akajibu.

Shangazi akaniangalia nikipapasa mfuko. Akasonya, akanyanyuka akanifuata, eti ahakikishe kuku hatateswa. Tukasimama kando ya njia, mimi na jogoo kwapani, shangazi nyuma yangu na kanga yake kiunoni. Nilijua kikiwa butu tu, habari itafika kwa mjomba kabla ya baiskeli yake.

Akatokea mzee mmoja na jembe begani. "Shikamoo babu, tunaomba utuchinjie."

"Marahaba. Lete kisu." Nikampa. Akakifungua, akalaza bapa juu ya ukucha wake, akalivuta taratibu, nyusi zikapanda. "Cha nani hiki?"

"Changu."

"Nauliza cha nani."

"Changu, babu."

"Anakinoa nani?"

"Mimi."

Mzee akamtazama shangazi, shangazi akatazama migomba. Basi akamlaza jogoo upande wa kibla, bismillahi, mkono ukapita mara moja. Akafuta bapa kwenye majani, akakifunga, ta, akanirudishia kwa mikono miwili, kama anavyorudishiwa mtu mzima. "Naitwa kila nyumba kuchinja," akamwambia shangazi, "na wananipa visu vya kukerezea. Mwambieni huyu binti awanolee."

Jioni sufuria ilipoepuliwa, firigisi iliwekwa mbele ya shangazi, mgeni wa heshima. Aliitazama muda. Kisha akaninyooshea kiganja. "Lete hicho kisu chako." Akaikata katikati, nusu akala, nusu akaniwekea mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Nimekula vitu vingi tangu hapo, lakini ile nusu ya firigisi bado naikumbuka.

Mjomba alirudi siku aliyosema. Akakagua bapa, akakagua vidole vyangu, akanirudishia kisu. Akaondoka Naipingo baada ya kunywa chai. Nilifurahi mpaka nikampa trekta lenye tela aende nalo Chinongwe, nalo akalifunga mbele kwenye usukani wa baiskeli. Mama akanunua kisu cha jikoni wiki ileile. Hicho hakikupotea kamwe. Na mimi, mjinga wa Mungu, niliona ni kwa sababu nimekua na akili.

Miaka ikaenda, mingi. Nilishakuwa na wajukuu nilipokwenda Naipingo kumhamisha mama kwenye nyumba mpya ya bati. Nilikuwa natoa nguo kwenye kasha lake, na chini kabisa, chini ya sanda aliyojiwekea, nikagusa kitu kigumu ndani ya kitambaa cha amerikani. Nikafungua. Vilikuwa visu viwili vya jikoni, vimepakwa mafuta ya ufuta visishike kutu. Kimoja nilikijua kwa ule mpini uliolegea. Kingine ni kile alichonunua baba.

Nikageuka. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho hayaoni vizuri tena, lakini mlio wa vyuma aliusikia.

"Mama!"

"Cha kwanza ulikipoteza mwenyewe," akasema.

Tulicheka mpaka akashika ubavu. Halafu nikalia, siwafichi. Nilimkumbuka akibamiza boga kwenye jiwe, akiponda kitunguu, akisemwa na mawifi kwamba nyumba imemshinda. Aliomba mara moja kwa mdomo, akachekwa. Hakuomba tena. Na kwa machozi yangu yale juu ya ungo aliuma meno akanyamaza, kwa sababu mtoto wa miaka tisa angeropoka.

Hadithi hii ya kasha sijawahi kumsimulia mtu mwingine, isipokuwa mmoja, mwaka jana, tukichambua mchele wawili tu.

"Bibi," Hamisi akaniita. "Umesinzia? Kipi sasa?"

Nikavipima vyote vitatu, nikamwita mtoto, nikamkamulia embe kwenye viganja. Alichokifungua mwenyewe kikakaa mkononi kilikuwa cha kahawia, kibaya kuliko wenzake. "Hiki," nikasema. "Na visu vya jikoni havitapotea tena."

"Umejuaje?"

Nikamtazama Zaina, mwenzangu wa kuchambua mchele. Alikuwa ameinamia sufuria ya kisamvu, hakorogi chochote, mabega yanamtikisika kwa kicheko.