Kifo cha Wato wa Mabawa

Lodio alifukuzwa kanisani kwa kutafsiri vizuri kuliko mchungaji alivyohubiri. Si siri, mwenyewe huisimulia. Wageni walikuwa wakija na mahubiri ya Kiingereza, yeye anasimama kando yao na maiki, anayageuza kwa Kiswahili na Kiturkana, na kidogo kidogo akaanza kutia chumvi. Mgeni akisema Nuhu aliingiza wanyama safinani, Lodio anasema Nuhu alihangaishwa sana na mbuzi wa kwetu huku Gotu, maana wale hata kwa gharika hawapangi laini. Watu wakawa wanamtazama yeye, mgeni wamemsahau. Basi wazee wa kanisa wakamshukuru kwa utumishi wake, na mtu akishukuriwa namna hiyo anajua ni wakati wa kuchukua kofia yake.

Akaja kwangu. Mimi ni Asho, mama Shuriye, mjane, mwenye banda la video hapa mtaa wa Chechelesi, Isiolo mjini. Babu yangu aliletwa huku na vita vya Wazungu, marehemu mume wangu akaendesha malori, mimi nikabaki na mabati, mabenchi na televisheni moja kubwa. Wakati huo nilionyesha filamu na Kiingereza chake cha puani, watu wanatazama ngumi tu, maneno yanawapita.

"Mama Shuriye," akaniambia, "nipe hiyo maiki wiki moja. Wasipocheka nitakufagilia banda bure."

Hajawahi kufagia.

Kazi yake ilikuwa hivi: kila shujaa wa filamu alimpa kwao. Lile jitu la mawe akaliita Akal, Mturkana wa Ngare Mara, linashinda na njaa, likifika harusini bibi harusi anakosa chakula. Yule wa uso wa chuma akawa Gikunda, Mmeru, hapigani na mtu ila aliyemvukia mpaka wa shamba. Mwanamke wa radi akawa Fartun, Msomali wetu, dereva wa lori la Moyale, hakuna askari wa kumsimamisha kwenye kizuizi cha barabara. Nguo zake za kubana zilinitia aibu mimi, lakini Lodio aliwahi: "Haiya! Leo Fartun ametoka mbio, shuka imebaki kwenye lori!" Banda zima likaanguka kwa kicheko, na mimi nikiwemo.

Na yule wa mabawa akawa Wato, Mborana wa Kinna, anayechunga ngamia kutoka juu.

Sauti ya Wato Lodio hakuibuni. Aliichukua kwa Kalicha. Kalicha ana bucha mbele ya banda langu, barabara tu katikati. Yeye na Lodio walilelewa ploti moja, wakala sinia moja, na Lodio alijua Kiborana kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Sasa Kalicha ana namna yake ya kuongea. Neno zito likija, kwanza anakohoa kidogo, na akimaliza anasema "nagaa," yaani amani, hata kama amekuuzia mifupa mitupu. Basi Wato naye, kabla ya kumrukia adui, anakohoa. Akishamwangusha: "Nagaa." Kalicha alikaa benchi la mbele anajipiga mapaja. "Huyo ni mimi! Lodio, mshenzi wewe, huyo ni mimi kabisa!"

Miaka ikaenda hivyo. Mturkana akamcheka Akal, Mmeru akamcheka Gikunda, kila mtu akacheka cha kwake kwanza halafu cha jirani. Wallahi nilidhani nina banda la watu.

Ndipo ikaja ile filamu ya kuwaunganisha wote. Wanne wale, kila mmoja na filamu zake, sasa ndani ya picha moja. Kionjo chake kilifika kwenye simu miezi kabla ya filamu yenyewe: Akal ameinua ngumi, Wato amefungua mabawa, wanatazamana. Mji ukashikwa na wazimu. Vijana wa bodaboda wakabandika picha kwenye tangi la mafuta, kina mama wakabishana sokoni vitunguu mkononi. Mwanzoni ilikuwa utani. "Akal atampiga Wato." "Wapi! Wato atamwangushia ngamia." Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Halafu siku moja nikasikia mtu anasema, "Tutawapiga."

Neno limegeuka hivyo tu, mchana kweupe. Jana ni atampiga, leo ni tutawapiga. Niliwatazama watu wazima na akili zao, wana watoto na ndevu, wanatetemeka mdomo kwa ajili ya mtu wa kuchorwa na kompyuta, na hapo ndipo kinyaa kilipoanza kunipanda.

Kisha mtu wa Nairobi akaandika kwenye simu kwamba mmoja wa wale wanne anakufa. Nani, hakusema. Basi nikaanza kupata wageni. Wa kwanza ni shemeji yangu Ahmednasir, mtu wa msikitini, mtu wa heshima zake.

"Salaam aleikum, shemeji. Nimesikia mambo ya Fartun."

"Aleikum salaam. Fartun gani?"

"Huyo wenu wa radi. Asife. Na tena avae."

Nikamwambia aende Amerika akawaambie waliomshonea. Akaondoka amekasirika.

Wa pili ni Nakolong, anayeuza makaa pale kona. Huyu ni jirani yangu wa dhati. Shuriye alipougua ni yeye aliyekesha naye. Akaweka debe chini akasema, "Mama Shuriye, mwambie Lodio asitusahau. Akal akishindwa, sisi hatutanyamaza."

"Nyinyi kina nani?"

"Si unajua tu."

Nilijua. 

Lodio mwenyewe aliitazama filamu kwenye simu, kama kawaida yake, ajipange. Alikuja bandani asubuhi, hakunisalimia.

"Ni Wato," akasema. "Wato ndiye anakufa. Na ni Akal anamuua."

"Anamuua vipi?"

"Kwa bahati mbaya! Anamtupia adui jiwe, Wato anashuka kuokoa mtoto, jiwe linampata yeye. Hakumwona. Lakini mtu wa Ngare Mara ameua mtu wa Kinna, na anayesema ni mimi, Mturkana. Hiyo kitu nitaisemaje Isiolo hii?"

"Wabadilishe majina."

"Nani atakubali? Wanawajua kuliko watoto wao."

"Basi tusiionyeshe."

"Watasema tumeficha. Kila mtu atasema tumeficha ushindi wake."

Mdomo huponza kichwa, ndivyo nilivyowaza. Tukiwa bado tumekaa vile, Kalicha akavuka barabara, aproni ya bucha bado kiunoni. Akasimama mlangoni. Akakohoa.

"Lodio. Sauti yako imefika buchani. Nimesikia ni mimi."

Lodio akamsogezea benchi.

"Mimi si mtoto," Kalicha akasema. "Najua ni picha. Afe, hata wote wafe. Lakini ile sauti ni yangu. Mama yangu yuko hai, na mji wote unajua ile sauti ni ya nani. Ukinifisha mbele ya watu kwa sauti yangu mwenyewe, mama ataniuliza nimekukosea nini, na sitakuwa na jibu."

"Sitakuua, Kalicha."

"Sema vizuri."

"Mdomo wangu hautakuua. Naapa."

"Nagaa," Kalicha akasema, akarudi kwa nyama yake.

Siku ya filamu nilifika mapema kufungua. Sitapamba maneno: mlangoni kulikuwa na mavi. Si ya mbwa, si ya ng'ombe. Mavi ya mtu, na mengine yamepakwa kwenye kufuli, ili nisifungue bila kuyashika. Ni upande gani ulioyaleta sijui mpaka leo, na sitaki kujua, maana pande zote zilikuwa na tumbo la kuyatoa. Niliyaosha kwa maji na jivu, nikiwa nimefunga pua na shela, nikasema astaghfirullah mpaka ulimi ukakauka. Ningefunga banda siku hiyo. Lakini Lodio alisema, "Tukifunga, tumewapa ushindi." Nikafungua.

Wakaingia wakakaa kwa makabila. Miaka yote hiyo mtu alikaa alipopata nafasi, hata mapajani mwa mwenzake. Siku ile Waturkana kushoto, Waborana kulia, Wameru nyuma, na Wasomali wangu, watu wangu mwenyewe, karibu na feni, wamekunja nyuso kana kwamba wengine wananuka. Kalicha peke yake ndiye alikaa benchi lake la mbele, katikati. Watu wa pembeni yake wakasogea.

Lodio alitafsiri. Alijitahidi, maskini. Aliwatolea utani wa ugali, utani wa shamba, utani wa shuka. Upande mmoja ukicheka, ule mwingine unafyonya. Kisha vita vya kwenye skrini vikaanza na hakuna tena aliyesikiliza. "Ua! Ua huyo!" Nilimwona Nakolong amepanda juu ya benchi, kandambili mkononi, mate yanaruka. Nakolong, aliyemshika mwanangu paji la uso usiku kucha! Na ng'ambo ya pili wanaume wanampigia Akal kelele kwa maneno ambayo hata kwa Kiborana sitayarudia. Walikuwa wanafurahi. Hilo ndilo lililonichafua roho kuliko mavi. Walikuwa na furaha kweli.

Jiwe likarushwa. Wato akashuka. Wato akaanguka.

Pale kwenye skrini jitu la mawe likapiga magoti, likamweka mwenzake mapajani, na yule wa mabawa akaanza kusogeza midomo. Lodio akanyamaza. Maiki iko mdomoni, sauti hakuna. Nikaona machozi yanamshuka mpaka kidevuni.

"Tafsiri!" wakapiga kelele kushoto.

"Tafsiri!" wakapiga kelele kulia. "Anasema nini? Sema amefanya nini!"

Nikaelewa. Upande mmoja ulitaka kifo kile kisemwe upate kushangilia. Upande wa pili ulitaka kisemwe upate sababu ya kupigana.

Kalicha akainuka. Akaenda mbele polepole, akaitoa ile maiki kwenye vidole vya Lodio, akakohoa. Kile kikohozi. Banda likatulia kama limemwagiwa maji.

"Akal, ndugu yangu," akasema. "Hukuniona. Najua hukuniona. Usilie mbele ya hawa. Nagaa."

Akafa. Namaanisha yule wa kwenye skrini. Kalicha alikuwa amesimama pale, mkono begani mwa Lodio, mzima.

Ningeweza kuishia hapo nikakwambia watu walilia, wakakumbatiana. Nyoo! Kilichofuata ni gomba. Tonge la miraa lililotafunwa, kijani, limelowa mate, likatoka upande wa kulia, upande wa kwao Kalicha, likampiga shavuni likanata. "Umenunuliwa!" Na kushoto wakaanza kupiga makofi. "Amekufa! Amekubali mwenyewe, amekufa!" Makofi, vigelegele. Lodio akalitoa lile gomba shavuni mwa rafiki yake kwa mkono wake, akajifuta kwenye suruali.

Nikazima stima. "Tokeni," nikasema. "Tokeni nje ya banda langu, takataka nyinyi!" Wakatoka. Wala hawakupigana, watu waoga vile. Walikwenda kupigana kwenye simu. Kufikia Jumatatu filamu ile moja ilikuwa imekuwa nne midomoni mwa watu sokoni, na kila kabila limeshinda katika yake.

Bucha ya Kalicha ilipoa. Watu wa kwao wakapita wakanunua kwingine, na hawa wengine wakazoea kumsalimia, "Habari ya marehemu?" Mtu ana mke, ana mama, anaamkiwa hivyo akiwa anakata nyama. Yeye huitikia, "Nzuri." Mimi ndiye ninayetaka kutapika.

Lodio hajashika maiki tena. Siku hizi anamsaidia Kalicha kupasua mifupa, na jioni wanakaa kwenye benchi la bucha na chai yao. Wiki jana nilivuka kuwapelekea sukari, nikasikia Kalicha anamwambia, "Hebu fanya sauti yangu kidogo. Ifanye kama zamani, nicheke."

Lodio akakohoa kile kikohozi, sawasawa kabisa. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Imekataa," akasema.

"Basi, kunywa chai," Kalicha akamwambia.

Banda nalifungua bado, maana lazima nile. Filamu naonyesha kwa Kiingereza chake cha puani, kama mwanzo. Wanakuja wachache, wanakaa kimya, maneno yanawapita. Juzi alikuja Nakolong, mara ya kwanza tangu siku ile. Hakuniomba msamaha, mimi nami sikumdai. Akakaa. Katikati ya filamu akatokea shujaa mpya, kijana mwenye upinde, akaanza kupigana na mtu mwingine. Nakolong akawatazama hawa wawili, akageuka huku na huku, hajui ashike wapi. Mwishowe akaninong'oneza:

"Mama Shuriye, huyu sasa ni kabila gani?"

"Mzungu," nikamwambia. "Huyo ni Mzungu, Nakolong. Na Akal alikuwa Mzungu. Na Wato. Wote walikuwa Wazungu tangu siku ya kwanza."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.