Mzee Mmoja wa Mnyuzi

Baba alifika kwangu Korogwe asubuhi akitokea Handeni, amebeba kuku na ugonjwa wa mtu mwingine. Kuku nimewazoea, hajawahi kuja bila kuku. Ugonjwa ndio ulikuwa mgeni.

Nilimwamkia, tukanywa chai, kisha akaniambia niulize kitu kwenye simu yangu. Anayo yake, lakini anaamini yangu imesoma zaidi.

"Kuna mzee mmoja wa Mnyuzi," alisema, akitazama ukuta. "Anasumbuliwa na haja ndogo. Usiku halali, kuamka tu."

Kwetu baba hamtajii binti yake mambo ya msalani. Hata akishika moto, atasema kuna jirani ananuka moshi. Lakini tangu afike nilikuwa nimeona anavyokipa kazi choo changu, na niliogopa sana. Mjomba wangu alianza hivyo hivyo, akaficha mpaka tukamzika.

Nikashika simu. Baba akataka nianze na Mnyuzi, wasije wakadhani ni mtu wa karibu. Haya, nikaandika: mzee wa Mnyuzi halali usiku. Zikaja habari za treni.

"Umeona?" alisema, amefurahi kabisa. "Hata wao hawamjui."

"Baba, ukiwaficha shida watajuaje? Niongeze mkojo?"

"Ongeza. Ila Mnyuzi ibaki."

Mnyuzi ikabaki. Nikaongeza na mkojo, na kwamba unatoka kidogo kidogo. Safari hii simu ikaipuuza Mnyuzi na treni zake, ikaleta tezi dume, dalili zake, na ushauri wa kwenda hospitali mapema. Nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, ili pale barazani pasiwe na baba wala binti.

"Imejuaje?" aliuliza. "Hukuandika tezi wewe."

"Haishiki neno moja moja, baba. Inayapima yote kwa pamoja, inatafuta muulizaji anataka nini hasa. Halafu wazee wengi wameshauliza kama huyu."

"Wote wa Mnyuzi?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Yeye hakucheka.

"Inatibika?"

"Inatibika, wanasema. Ila apimwe kwanza, asikae nayo."

Akavua kofia, akaipangusa vumbi ambalo mimi sikuliona. "Huyo mzee anaogopa hospitali," alisema. "Labda apate wa kumsindikiza."

"Mwambie nitakwenda naye kesho asubuhi."

"Wewe humjui. Ni mbishi."

"Namjua, baba."

Akainama, akaanza kuvua viatu.

"Basi leo atalala hapa," alisema.